Video ya Bibi Nyangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikata mkanda wa video. Ulikuwa mkanda wa kufundisha unyunyiziaji wa dawa kwenye pamba, umekwama ndani ya deki, nami kwa hamu ya kuonekana najua nikauvuta kwa kidole. Ukatoka kama utumbo wa kuku. Mzee Masatu, fundi mkuu wa kitengo chetu pale Musoma, aliutazama mkanda, akanitazama mimi, akasema, "Binti, hii deki ilikuwa na njaa, wewe ukainyang'anya tonge mdomoni." Halafu akachukua mkasi mdogo na selotepu akaanza kuunga, mimi nikamshikia tochi mpaka mkono ukafa ganzi.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi. Vyeo na mishahara vimo kwenye jalada langu la utumishi, someni huko kama panya wamewaachia kitu. Mimi nitaandika juu ya kazi yenyewe, na kazi yetu, ukiondoa kubeba jenereta, ilikuwa swali moja lililorudiwa kila wiki: hii video itacheza kwa programu ipi, ya zamani au mpya? Watu wa nje hucheka nikiwaambia. Ninyi hamtacheka. Lakini niseme mapema kwamba nimekubali kuandika kwa sababu ya jambo moja ninaloliona aibu, na sikutaka mlisikie kutoka kwa watu wa Butiama kabla hamjalisikia kwangu.

Wakati huo ofisi ilikuwa vyumba viwili mtaani Iringo, nyuma ya duka la nyavu na kamba. Tulikuwa tunapeleka filamu za mafunzo vijijini: pamba kwa wakulima wa Bunda, ukaushaji wa dagaa kwa watu wa kando ya ziwa, vyandarua kwa kila mtu. Tulionyesha mchana, ndani ya madarasa, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi na magunia. Watu mia moja ndani ya chumba kimoja, jua la saa nane juu ya mabati, na hakuna upenyo hata wa kupitisha sindano. Nimewahi kuona mwenyekiti wa kijiji akizimia katikati ya filamu ya usafi wa vyoo. Wakulima walidhani amechoshwa na hotuba.

Kisha mikanda ikaisha, zikaja CD, zikaja flash, zikaja kompyuta, na ndipo Mzee Masatu alipoonyesha kwamba yeye si fundi wa deki tu. Kwa wale wanaoanza leo nieleze. Programu ya kuchezea video hutolewa upya kila baada ya muda, na kila toleo hupewa namba. Wakubwa wanapenda namba kubwa. Lakini toleo jipya likijifunza jambo, mara nyingine husahau jingine. Linacheza vizuri video nzito za simu za kisasa, halafu ukilipatia video ya simu ndogo ya vitufe linakupa picha bila sauti, au sauti bila picha, au linakaa kimya kabisa kama mtu aliyeulizwa michango ya harusi. La zamani nalo linacheza hizo za simu ndogo bila shida, ila ukilipatia ya kisasa linahema mpaka mashine inapata moto.

Mzee Masatu hakufuta toleo lolote. Kila lililotoka alilichoma kwenye CD, akaiandika kwa kalamu nene, akaiweka kwenye boksi la biskuti. "HII inasoma simu ndogo." "HII usiweke mashine ya Bunda, itagoma." "HII nzuri ila ina kiburi." Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka nikawa naisikia nikipika. "Faili haifagi ovyo, binti. Mgonjwa akikataliwa hospitali moja, unampelekaga ya pili na ya tatu. Wewe jaribu toleo tatu ndipo useme imekufa. Maana ukishasema wewe, hakuna mwingine wa kuifufua. Huko vijijini wewe ndiye daktari."

Nilimwona anajikweza. Daktari wa nini, sisi watu wa spika?

Bugwema tulipata kisa ambacho bado kinanichekesha. Tulikwenda na filamu ya magonjwa ya muhogo, nami nikiwa nimeweka toleo lililotoka juma lile. Picha ikaja kijani. Majani kijani, sawa, lakini na watu kijani, mbuzi kijani, na mtaalamu mwenyewe kijani mpaka meno. Mzee mmoja wa mbele akanyanyua mkono akauliza kama huo ndio ugonjwa wenyewe, na kama unawapata na watu. Mzee Masatu alilala chini ya meza akaweka CD ya zamani. Rangi zikarudi, ila sasa sauti ikawa nyuma ya picha kidogo, yaani mtaalamu anafunga mdomo ndipo maneno yanafika. Wakulima wa Bugwema wakasema huyo ndiye mtaalamu wa kweli, anafikiri kwanza.

Mzee Masatu alistaafu, akarudi kwao kulima mihogo, akaniachia ofisi na boksi la biskuti. Nililipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, na nikaliweka juu ya kabati.

Haukupita muda mrefu nikapelekwa mafunzo Mwanza. Nilirudi na cheti na maneno. Niliwakuta mnalalamika, na mlikuwa na haki: kila mashine ilikuwa na toleo lake, mtu akitoka Musoma na filamu inayocheza, akifika Bunda haichezi. Nikaitisha kikao nikasema kuanzia leo mashine zote zitakuwa na toleo moja, jipya kabisa, na ya zamani yote yafutwe. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga. Ila mnakumbuka nilivyousema. Nilisema, "Hatuwezi kuendesha ofisi ya umma kwa boksi la biskuti." Mlicheka, nami nikafurahi kwamba mmecheka, na mzee hakuwepo kusikia.

Wiki iliyofuata tulionyesha filamu kwa wakulima wa pamba Bunda na ikacheza safi, mdudu anaonekana mpaka nywele za miguu. Wakubwa wakanisifu. Nilitembea kwa siku kadhaa kama niliyeitunga programu ile mimi mwenyewe.

Ndipo akapiga simu mtendaji wa kijiji kimoja cha kata ya Buswahili, Butiama. Alikuwa na kikao cha ukoo cha kusuluhisha ugomvi wa nyumba na shamba, na ushahidi ulikuwa video iliyo ndani ya kadi ndogo ya simu. Simu yenyewe ilikuwa imekufa, betri imevimba. Aliomba tuje na projekta ili wazee wote waone kwa pamoja. Nilikwenda mwenyewe.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine, hapa panahitaji maelezo. Kwetu Mara mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na ana ng'ombe wake, anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa mahari, anamleta nyumbani, na watoto watakaozaliwa na huyo aliyeolewa wanakuwa wa nyumba ya aliyemwoa. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Nyangi, mjane wa kijiji kile, alimwoa msichana anayeitwa Wegesa, na Wegesa akaizalia nyumba ile watoto watatu. Waliishi pamoja miaka kumi na moja. Bibi Nyangi alipofariki, Marwa, mtoto wa shemeji yake, akasema nyumba na shamba la bondeni ni mali ya ukoo, na kwamba Wegesa alikuwa mfanyakazi tu wa bibi. Wegesa akasema bibi aliacha wosia kwa mdomo wake, nao umo kwenye kadi.

Tulikaa kwenye darasa. Nilipachika kadi, nikanakili faili kwenye mashine kama tunavyofanya siku zote, nikabonyeza. Bibi Nyangi akatokea ukutani, mkubwa, amekaa kitandani amejifunga shuka, kitambaa cheupe kichwani. Akaanza kuongea. Midomo ilikwenda, mkono ulikwenda, kidole kilionyesha mlangoni kisha kikaonyesha anayerekodi. Na darasa zima lilikuwa kimya, kwa sababu hakuna kilichosikika.

Nikaongeza sauti ya spika. Nikatoa waya nikarudisha. Nikacheza filamu ya pamba, ikaongea vizuri. Nikarudia ya bibi, kimya.

"Vipi, mtaalamu?" mwenyekiti wa ukoo akauliza.

Wazee ishirini walinigeukia. Mashine ilikuwa mpya, toleo lilikuwa jipya, nami nilikuwa nimetoka Musoma na gari lenye namba za serikali. Nikasema, "Hii video haina sauti. Haikurekodiwa."

Wegesa alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Akasimama. Alikuwa mwembamba, na alizungumza taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga maji. "Ina sauti, mama. Nilikuwaga naisikiliza kwenye simu yake, hata baada ya bibi kufa. Anasemaga mwenyewe kwamba nyumba ni yangu."

"Kama kwenye simu ilikuwa na sauti, na hapa ingekuwa na sauti," nikamjibu.

"Labda hiyo mashine..."

"Mashine haina tatizo, binti yangu. Umesikia filamu ya pamba? Mimi kazi hii nimeifanya kabla hujaanza shule. Usitake kuwapotezea wazee muda."

Niliyasema hayo. Wengine walicheka. Marwa akasema kwa sauti, "Si mmeona? Muongo huyu, alimpiga picha bibi anakohoa tu." Wegesa alibaki amesimama kidogo, akiangalia ukutani ambapo Bibi Nyangi bado alikuwa anaongea, kisha akakaa. Nilizima projekta.

Wakaamua palepale. Kadi ikafungwa kwenye bahasha, ikabaki kwa mwenyekiti. Wegesa akaambiwa akae mpaka avune pamba yake, halafu aondoke na watoto wake. Mtendaji alinipa kuku wa kubeba, na nilimpokea.

Kama mwezi hivi ulipita. Mwalimu mmoja wa kijiji cha ziwani akaja ofisini na kadi ya namna ileile, ndani mna video ya mama yake akionyesha namna ya zamani ya kukausha dagaa. Nikaicheza. Picha ipo, sauti hakuna. Nikamwambia haikurekodiwa. Akasema, "Ina sauti, mama. Nimeisikiaga mimi."

Nilimwomba anisubiri nje. Nikapanda juu ya kiti, nikalishusha boksi la biskuti, vumbi likanijaa puani. CD ya "HII inasoma simu ndogo" ilikuwa ya pili kutoka juu. Niliweka toleo lile kwenye mashine ya pembeni, nikabonyeza, na mama wa mwalimu akaanza kupiga kelele kuhusu kunguru wanaoiba dagaa.

Sauti za simu ndogo zilifungwa kwa namna yake, na toleo jipya lilikuwa limeondolewa kile kipande cha kuzifungua. Halikutoa hata onyo. Mzee Masatu angeligundua kwa dakika tano.

Mwalimu alipoondoka nilifunga mlango nikatafuta faili la Buswahili. Lilikuwepo, sikuwa nimelifuta. Bibi Nyangi akatokea na shuka lake na kitambaa chake, na safari hii akaongea. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Mimi Nyangi nina akili zangu. Huyu Wegesa nilimwoa mimi, kwa ng'ombe zangu mimi, siyo za mtu. Hii nyumba ni ya Wegesa na watoto wake. Shamba la kule bondeni ni la Wegesa na watoto wake. Marwa asije akasema sikusema. Nimesema." Akakohoa kidogo. Kisha akamwinamia anayerekodi. "Wegesa, hiyo simu imeshika?"

"Imeshika, mama."

Niliicheza mara nne. Nililia, sitawaficha, lakini kulia ni rahisi. Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikizunguka tangu nianze kuandika. Pamba ilikuwa bado shambani. Wegesa alikuwa bado ndani ya nyumba ile. Kutoka Iringo hadi Buswahili ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na gari lilikuwa uani, lina mafuta.

Sikwenda.

Nilijiambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na wageni kutoka Dodoma. Nikajiambia niandike kwanza ripoti, jambo lifuate utaratibu. Nikajiambia wazee wale hawatabadilisha uamuzi hata wakisikia. Kila sababu ilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Ya kweli ni kwamba niliona darasa lile, wazee ishirini wamenigeukia, na mimi nasimama kusema sikujua. Nilikuwa nimeshamwita mtu mpoteza muda mbele ya watu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi, halafu nikaona ni nafuu kwangu nitembee kama sikujikwaa.

Msimu ukaisha. Siku moja mtendaji wa kile kijiji alikuja Musoma kwa shughuli zake, akapita ofisini kunisalimu. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, yule mwanamke wa video aliishia wapi.

"Yule alishaondokaga, mama. Yuko Bunda huko na watoto. Marwa ametoa mabati, nyumba ameibomoa, anajenga nyingine."

"Pole yake," nikasema. Nikamkaribisha chai.

Wiki ile nilirudisha toleo la zamani kwenye mashine zote, likakaa pamoja na jipya. Niliwaambia ni kwa usalama tu, mtu asitegemee mguu mmoja. Mlinipongeza. Mwaka huu mliponiaga mliandika kwenye kadi: "Kwa mama yetu wa matoleo mawili, uliyetufundisha kutodharau cha zamani." Niliisoma mbele yenu nikatabasamu kwa ajili ya picha. Kadi hiyo sijaweza kuiweka mezani nyumbani kwangu. Iko uvunguni.

Baada ya kustaafu, usingizi ulinihama. Mtu akiwa kazini ana pa kujificha, kuna barua za kujibu. Nyumbani kuna kuku na ukuta. Nikampigia mtendaji, akanitafutia namba, na siku ya soko nikapanda gari kwenda Bunda, mashine begani.

Wegesa alikuwa amepanga chumba na sebule nyuma ya mashine ya kusaga, anauza nyanya na dagaa mbele ya mlango. Alinitambua kabla sijafika. Alifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

Salamu ile ilinichoma kuliko tusi. "Marahaba, mwanangu," nikasema, na sikuona nina haki na neno hata moja kati ya hayo mawili.

Akanipa kigoda. Sikujua pa kuanzia, hivyo nikafungua mashine, nikaiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaicheza. Bibi Nyangi akasema yake yote pale katikati ya nyanya. Nilitegemea Wegesa alie, au anitukane, au apige magoti. Aliendelea kupanga nyanya mafungu mafungu. Ilipofika "hiyo simu imeshika," mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

"Mimi hii nilishaisikiaga, mama," akasema. "Niliwaambia siku ile kwamba ina sauti. Wewe ndiye ulikuwa hujaisikia."

"Ni kweli."

"Uliisikia lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimeomba Mungu asiliulize. Ningeweza kusema juzi. Hakuna ambaye angejua.

"Kabla hujavuna," nikasema.

Aliacha nyanya. "Kabla sijavuna. Nikiwa bado ndani ya nyumba."

"Ndiyo."

"Na watoto wangu wakiitwa shuleni watoto wa muongo."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na daftari la shule na kalamu.

"Andika," akasema. "Andika kwamba sikusema uongo. Uweke na jina."

Niliandika, tena vizuri, maana ripoti nimeziandika maisha yangu yote. Niliandika kwamba kutokana na mabadiliko ya toleo la programu, mashine iliyotumika haikuweza kufungua sauti za aina ile, na hivyo kikao hakikupata taarifa sahihi. Nikasaini. Wegesa alisoma polepole, midomo ikimtembea. Kisha akaichana karatasi, si kwa hasira, kama mtu anavyochana karatasi ya kuwashia moto.

"Hii umeandika habari za mashine. Mashine haikuniambia napoteza muda wa wazee. Haikukaa na sauti ya bibi kabatini mpaka nyumba ikabomolewa. Umeandika barua nzima, mama, na wewe mwenyewe humo haumo."

Niliomba karatasi nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa ya mistari michache na ilinichukua muda mrefu kuliko ripoti yoyote. Mimi nilisema video haina sauti bila kujaribu toleo la zamani. Mimi nilimdhihaki Wegesa mbele ya ukoo. Mimi nilijua ukweli akiwa bado nyumbani kwake, nikanyamaza kwa kulinda jina langu. Wegesa alisema kweli tangu mwanzo. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Alhamisi kuna mkutano wa kijiji kule Buswahili," akasema. "Utaisoma wewe."

Alhamisi nilisimama mbele ya watu wa kijiji kile, safari hii nje, uwanjani pa shule. Nilisoma mpaka mwisho. Kisha nikacheza video kwa spika, na watu wazima waliomjua Bibi Nyangi wakashika vinywa vyao. Marwa alitazama viatu vyake. Mwenyekiti wa ukoo alisema wazee watakaa upya kuhusu shamba, na kwamba nyumba ilishabomolewa, hilo nalo litazungumzwa.

Halafu akanigeukia mimi. Akasema watumishi waaminifu kama huyu mama sasa ni wachache, mtu astaafu na bado atoke Musoma kuja kusema kweli, ni mfano kwa vijana. "Mpigieni makofi."

Wakapiga, kwa nguvu na kwa muda mrefu. Walinipigia mimi. Nilitakiwa kunyanyua mkono na kusema acheni, si mimi, mgeukieni yule. Wegesa alikuwa amesimama palepale karibu na wanawake, na hakuna aliyemgeukia. Nilikaa. Nimewahi kuona aibu nikiwa nimekosea, lakini hiyo ya kukaa na makofi yasiyokuwa yangu sijui niiite nini.

Karani alikuwa anaandika muhtasari, anasema kwa sauti huku akiandika, kama makarani wanavyofanya: "Mtaalamu ameleta uthibitisho."

"Mimi ndiye nilileta uthibitisho," Wegesa akasema. Hakupaza sauti, lakini makofi yalikuwa yamekwisha, hivyo alisikika. "Nilileta ile kadi. Niandike."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa.

"Wegesa," karani akasema, kalamu juu ya karatasi. "Wegesa mke wa nani, tuandike?"

Marwa akanyanyua uso.

"Mke wa Nyangi," akasema Wegesa.

Karani akaandika. Hakuna aliyepiga makofi.